Chumba kwanza: mwezi wa mwanzo wa mwanafunzi mgeni Uhispania

Ukitua Madrid, Valencia au Granada kwa viza ya masomo ya zaidi ya siku 180, una mwezi mmoja tu tangu ulipoingia nchini wa kuomba kadi ya mgeni, TIE. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba safari ya kadi haianzii polisi, inaanzia kwenye chumba. Ofisi nyingi hudai cheti cha padrón, yaani daftari la wakazi la manispaa, na manispaa nayo haikuandiki bila mkataba wa kupanga au idhini iliyosainiwa na mwenye nyumba. Ukikosea chumba, kila kinachofuata kinachelewa.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye chumba lisiwe bei. Muulize: «¿Me puedo empadronar?», naweza kujiandikisha hapa? Akianza kuzungukazunguka, achana naye. Anayekataa mara nyingi anakwepa kodi ya serikali, au yeye mwenyewe ni mpangaji asiye na ruhusa ya kupangisha. Usitume hata senti kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu. Lipia hosteli wiki ya kwanza au mbili, ukague kwa macho yako. Dhamana, fianza, huwa kodi ya mwezi mmoja, na mikataba ya msimu inaweza kufika miwili. Dai risiti, kisha piga picha kila doa na kila ufa siku hiyohiyo ya kuingia, kwani siku ya kutoka ndipo ugomvi wa dhamana huanza.

Tangazo likisema «habitación interior», dirisha linatazama kishimo cha hewa katikati ya jengo: mchana unawasha taa. Uliza pia joto linatoka wapi. Hita ya umeme hupandisha bili vibaya, na «gastos incluidos», yaani gharama zikiwemo ndani ya kodi, mara nyingi huwa na kikomo. Nyumba zinazotumia gesi ya butano zina mitungi ya rangi ya chungwa ya kilo 12.5, na kama hakuna lifti, mitungi hiyo inapanda ngazi kwa mabega ya mtu. Majira ya baridi ya Madrid si ya mchezo.

Ukishapata padrón, tafuta miadi ya polisi, cita previa. Hapa ndipo watu hukwama. Miadi hutolewa mtandaoni, na katika miji mikubwa huisha ndani ya dakika chache. Jaribu asubuhi mapema, siku baada ya siku, na hifadhi picha za skrini zinazoonyesha kwamba hakukuwa na nafasi, ili ukichelewa uwe na la kujitetea. Miadi ni bure, anayekuuzia anakuibia. Siku yenyewe beba fomu EX-17, pasipoti na nakala zake, barua ya chuo, cheti cha padrón kisichozidi miezi 3, picha ya milimita 32 kwa 26 yenye mandharinyuma meupe, na risiti ya ada ya fomu 790, namba 012. Ada hulipwa benki kabla ya kwenda, karani hapokei pesa. Kama uliingilia Paris au Amsterdam, muhuri wa pasipoti hautakuwa wa Uhispania, kwa hiyo usitupe kadi ya kupandia ndege. Utachukuliwa alama za vidole na kupewa resguardo, yaani stakabadhi ya ombi lako. Kitunze kikaratasi hicho, maana ndicho utakachoonyesha siku ya kuchukua kadi.

Jambo dogo linalozaa balaa ni majina. Uhispania kila mtu ana majina mawili ya ukoo. Asha Juma Hamisi, ambaye pasipoti yake inasema jina la ukoo ni Hamisi, ataandikwa chuoni «Juma Hamisi, Asha», na benki «Hamisi, Asha Juma». Mifumo itaona watu wawili. (Na asishangae akiitwa señora Juma.) Kila ofisi, onyesha mstari wa jina la ukoo kwenye pasipoti, na usiondoke dirishani kabla hujasoma walichochapa.

Darasani, soma guía docente, yaani mwongozo, ya kila somo kabla ya kujisajili. Humo mna uzito wa kila jaribio na lugha ya kufundishia, na Barcelona usije ukakuta somo lako linafundishwa kwa Kikatalani. Alama ni 0 hadi 10, na 5 ndiyo kufaulu. Somo la krediti 6 linahesabiwa saa 150 hivi za kazi, vipindi vikiwa sehemu tu. Aliyezoea kusubiri mtihani wa mwisho huumia kwenye evaluación continua, yaani tathmini endelevu, ambapo kazi za Oktoba tayari zina alama. Ukifeli na kurudia mwaka unaofuata katika chuo cha umma, ada ya somo hilo hupanda. Mhadhiri huitwa kwa jina lake na tú, «wewe» ya kirafiki. Mwanzoni inauma ulimi. Saa zake za tutoría, za kuonana na wanafunzi, hazina watu wengi, zitumie.

Kwenye lugha, Mswahili anaanza na mtaji. Irabu tano ni zilezile, ñ ni ny yetu, j ni kh ya kheri, na z ya sehemu kubwa ya Uhispania ni th ya themanini. Aliyezoea kusema «viti vyeupe» hashangazwi na sillas blancas, ambapo kivumishi nacho hufuata nomino, na hablo ina nafsi ndani yake kama «nasema», kwa hiyo acha kurudia yo, «mimi», kila sentensi. Penye mtego ni rr: pero ni lakini, perro ni mbwa.

Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa na nusu, cha usiku kuanzia saa tatu. Ndizi za kupika ni plátano macho, muhogo ni yuca. Unga wa mahindi wa chapa ya Harina PAN umeshapikwa kabla ya kusagwa, kwa hiyo haufanyi ugali wa kawaida; maduka ya Waafrika ya Lavapiés, Madrid, ndiyo ya kuulizia unga mbichi wa mahindi.