Barua kwa mwanangu: masurufu ya watoto hayawekwi rehani

Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo. Babako goti limeanza kumpa nafasi, jana aliweza kwenda msikitini mwenyewe, na anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Umesema mamake watoto hajakupa watoto tangu shule zifungwe. Ukipiga simu unaambiwa wamelala, ukipiga tena unaambiwa wako chuoni wanasoma Qurani. Ukaniuliza mambo mawili. Ukikatiza masurufu mpaka akuletee watoto, una makosa? Na ukija hapa ukamchukua huyu mdogo ukarudi naye Malindi, nani wa kukuzuia na wewe ndiwe babake? Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana nilivyokusikia sauti yako ilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasikii. Karatasi utaisoma tena kesho.

Masurufu usiyakatize, baba. Hata ya mwezi mmoja.

Najua unavyofikiri, kwa sababu nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi na nimewaona kina baba wengi wakija na hoja hiyo hiyo: yeye ananinyima watoto, mimi namnyima pesa, tuone nani atachoka kwanza. Lakini pesa zile si zake. Masurufu yake yeye ni yale ya eda, nawe uliyatoa, Mungu akulipe. Ulitoa talaka moja, eda ikaisha bila ya kumrejea, basi baina yenu wawili limebaki deni la mahari ambalo hujalimaliza, na hilo ulilipe pia. Unachotuma kila mwezi sasa ni chakula, karo na dawa ya watoto wako. Ukikikatiza, yeye atakopa dukani, ataomba kwa kaka zake, atapita. Atakayerudishwa nyumbani kwa karo ni mwanao.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, imesema mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumkimu, wawe wameoana au hawakuoana. Wawe wameoana au hawakuoana, mwanangu. Talaka haikuingia humo. Kifungu hicho hicho kimesema katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoiondoa ile ya 2001, imejengwa juu ya hilo. Na kabla ya katiba na sheria za serikali, sisi tulikuwa nalo. Hind binti Utba alipomshtakia Mtume (s.a.w.) kwamba Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe, aliambiwa achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Hakuambiwa angojee mpaka mumewe aridhike naye.

Sasa na upande wake niuseme, usidhani nimemwegemea. Amekosea. Kukuona wewe ni haki ya watoto kama chakula kilivyo haki yao, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuifunga. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja pande zote mbili pamoja: mama asidhuriwe kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Hayo nimemwambia mamake watoto kwa mdomo wangu, uso kwa uso, na hakupinga. Lakini mlango wa kudai haki hiyo ni mwingine kabisa, na usiuchanganye na masurufu. Hakimu hatakubali useme nilikatiza kwa sababu alininyima, wala kwake hatakubali aseme nilimnyima kwa sababu hakutuma. Ni madai mawili, kila moja lina jibu lake.

Nikuhadithie kesi moja, bila ya majina. Mwanamume alikuja kudai kuonana na wanawe, na haki alikuwa nayo. Mwanamke alikuwa kweli amemfungia mlango. Lakini kabla ya kuja mahakamani yule mwanamume alikuwa amekatiza pesa ili kumtia adabu. Kesi ilipoitwa, yule mwanamke alikuwa na mfuko wa plastiki wa duka, amejaza karatasi zilizokunjwa vizuri: kadi ya kliniki, barua ya shule ya kumrudisha mtoto nyumbani, daftari la dukani lenye deni la unga na maziwa, kila ukurasa umetiwa tarehe. Mwanamume alikuwa na simu. Na ndani ya simu mlikuwa na ujumbe aliomtumia mkewe usiku, wa matusi, ambao wakili wa upande wa pili aliusoma neno kwa neno mbele ya hakimu. Yule baba aliinamisha kichwa, akakitazama kiatu chake mpaka usomaji ukaisha. Siku ile ilikuwa ya kudai haki yake, ikageuka siku ya kuulizwa kwa nini mtoto hakwenda shule. Aliishia kupewa kuonana nao, lakini baada ya muda mrefu, na kwa kuanzia siku chache chini ya macho ya watu. Nilimhurumia. Alikuwa anawapenda wanawe kwa kweli.

Kwa hivyo tuma kama kawaida, na tuma kwa M-Pesa, si kwa mkono wa binamu yako. Karo ilipe moja kwa moja shuleni uchukue risiti. Mwisho wa mwezi toa taarifa ya M-Pesa uichape, uiweke. Na ujumbe wa hasira usimwandikie tena. Ukitaka kumwambia kitu, mwandikie kama unayejua kuwa hakimu atausoma: "Naomba kuzungumza na watoto leo saa moja jioni." Basi. Akikataa, kukataa kwake kumeandikwa.

La pili, la kumchukua mdogo. Wallahi usifanye. Umesema wewe ni babake na hakuna aliyekupa amri ya kukuzuia. Ni kweli hakuna amri. Lakini mtoto wa miaka minne amezoea kulala na mamake na dadake katika chumba kimoja, ukimtoa ghafla ukampandisha boti, mamake ataingia kwa hakimu siku ya pili, na hakimu anaweza kutoa amri ya haraka arudishwe kabla hata wewe hujasikizwa. Kisha kila utakalosema baadaye litasikizwa na masikio ya kumsikiliza mtu aliyenyakua mtoto. Na hawa wawili utakuwa umewatenganisha, jambo ambalo mahakama hailipendi na mimi silipendi zaidi.

Umesema pia, "Akiolewa tu, mtoto ni wangu." Hilo limeenea sana mabarazani, na wanaolisema wameshika nusu. Iko hadithi ya yule mwanamke aliyelalamika kuwa mumewe anataka kumpokonya mtoto, Mtume (s.a.w.) akamwambia yeye ana haki naye zaidi madamu hajaolewa. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, mama akiolewa na mtu kando, zamu hairuki ikaja kwako. Inakwenda kwa bibi mzaa mama kwanza. Hata mimi niliyekuzaa niko nyuma yake. Na mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, wanavyuoni huutaja kama miaka saba, huulizwa anataka kukaa na nani. Binti yako ana miaka tisa. Akiulizwa leo, unataka awe na nini cha kukumbuka juu yako? Kwenye mahakama ya watoto ndiyo kabisa: kuolewa peke yake hakumnyang'anyi mama mtoto. Hakimu huangalia mtoto anaishi vipi, anasoma vipi, nani anamlea kila siku, na yeye mwenyewe anataka nini kwa kadiri ya umri wake.

Sasa uende mahakama gani? Kadhi amepewa mamlaka na kifungu cha 170 cha Katiba: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu, na iwe pande zote zimekubali kuhukumiwa naye. Talaka yako ipeleke kwake uandikiwe cheti, usiiache hewani kama ilivyo sasa. Mwanamke asiye na cheti cha talaka huteseka siku anapotaka kuolewa, na hilo hutaki kumfanyia. Deni la mahari pia ni la kadhi kuliamua. Kuhusu malezi ya watoto, majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana, wako wanaosema kadhi anaweza kuyaamua yanapofuatana na talaka, na wako wanaosema ni ya mahakama ya watoto peke yake. Mimi ningekushauri ukitaka amri juu ya watoto uende mahakama ya watoto. Anayesikiza ni hakimu, watu wa nje hawaingii, na afisa wa watoto hutumwa nyumba zote mbili aandike ripoti. Atakuja kuangalia na hapo unapokaa Malindi, kwa hivyo kile chumba chenye mitungi ya gesi kisafishe uweke kitanda.

Juu ya ile ghorofa uliyowajengea juu ya nyumba yao, nitasema machache. Unajua desturi yetu: nyumba babake alimpa yeye siku ya harusi, wewe ndiwe uliyehamia, wewe ndiwe uliyetoka. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inampa aliyeboresha mali ya mwenziwe haki ya kadiri ya alichochangia, lakini sheria hiyo hiyo inamwachia Mwislamu ahukumiwe kwa sheria ya dini yake. Uliza kwanza kama nyumba ile si wakfu, mali iliyotolewa kwa njia ya Mungu; ikiwa ni wakfu haiuzwi wala haigawanywi. Ukitaka kudai simenti na mbao zako, dai, ni haki yako kuuliza. Ila nimesikia kwamba ulimwambia kaka yake, "Nipeni watoto nami nitaisamehe ghorofa." Maneno hayo yamenichoma. Wajukuu zangu hawabadilishwi na boriti.

Kesi yenyewe ningependa isifike. Si kwa kuogopa mahakama, nimekula mkate wangu humo, ila kwa sababu kesi ya watoto huenda tarehe baada ya tarehe, na mtoto hakui kwa tarehe za mahakama. Suratun Nisaa, aya ya 35, imetuagiza mwamuzi mmoja kutoka kwao na mmoja kutoka kwetu. Aya ile ni ya mke na mume wanaohitilafiana, lakini wazee wetu wameitumia hata kwa walioachana, na mimi naona ni sawa. Kikao hicho kisiishie kwenye fatiha na kahawa, maana nimeona vikao vingi vya namna hiyo, watu wanakumbatiana Jumamosi, Jumatatu mlango umefungwa. Mkikubaliana muende kwa afisa wa watoto mwandike: watoto wanakaa kwa nani, unawachukua lini na kuwarudisha lini, likizo na Idi zinagawanywa vipi, pesa ngapi, zinatumwa tarehe ngapi, karo na hospitali analipa nani, simu saa ngapi. Mtie sahihi nyote wawili. Makubaliano hayo yanaweza kuwekwa mahakamani yakawa na nguvu ya amri. Siku atakapokufungia mlango tena hutakuwa unabembeleza, utakuwa na karatasi. Na siku utakapochelewesha masurufu, naye atakuwa nayo. Mahakama inaweza kuagiza mshahara wako ukatwe kabla haujakufikia. Kubali hilo tangu sasa.

Kiwango cha pesa usikitaje kwa ubishi. Andika mshahara wako ulivyo, kodi ya nyumba, nauli, na unachobakiwa nacho. Yeye naye ana mapato yake ya kushona, na sheria haikumwondolea jukumu, sehemu yake itahesabiwa. Lakini usifiche yale ya kazi za jioni. Anayajua.

Nimeshazungumza na mkwe wangu. Kikao ni Jumamosi hii baada ya alasiri, kwa mjomba wao Mkomani, si kwetu wala kwao. Upande wetu atakaa ami yako, sitakaa mimi, maana nitakuwa mama kuliko kuwa mwamuzi. Jumatatu asubuhi tunakwenda kwa afisa wa watoto. Omba ruhusa kazini mpaka Jumanne. Chukua basi la asubuhi Ijumaa upate boti ya Mokowe kabla ya magharibi, na uje na taarifa ya M-Pesa, risiti za shule, hati ya ndoa na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama masurufu ya mwezi huu hujayatuma, yatume leo, kabla hujapanda basi.

Wassalaam,
Mamako