Shamba la Mzee Huko Matuga: Msikimbilie Kuuza, Wala Kujenga

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, ameandika: baba amefariki, ameacha ekari nne Matuga, Kaunti ya Kwale, na hati miliki bado ina jina la marehemu. Kaka mkubwa ashaleta dalali. Kaka mdogo ataka kujenga. Mama na dada wawili hawajaulizwa kitu. Tujenge, tuliweke au tuuze?

Kwa sasa hakuna hata mmoja wenu mwenye cha kuuza. Mali ya marehemu haiguswi mpaka mirathi ipite mahakamani, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinasema anayejitwalia au kuiuza kabla ya hapo ametenda kosa la jinai. Kwa kuwa nyinyi ni Waislamu, nendeni Mahakama ya Kadhi. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, hesabu yenu ni nyepesi: ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, mama ana thumni, moja ya nane, yaani nusu ekari. Zinazobaki ekari tatu na nusu zinagawanywa mafungu sita kwa nyinyi wanne, wana wawili na mabinti wawili: kila mwana wa kiume mawili, kila binti moja. Kwa hivyo huyo kaka mkubwa hana ekari nne za kumwonyesha dalali. Ana ekari 1.17. Kila dada ana karibu 0.58, na hakuna kikao cha wanaume kinachoweza kuzifuta.

Mambo ya mahakama yakiendelea, fanyeni upekuzi kwenye sajili ya ardhi ya Kwale. Mnatafuta kizuizi kilichowekwa na mtu mwingine, mkopo wa benki, au deni la zamani kama shamba lilitoka kwenye skimu ya makazi. Kisha mleteni mpima ardhi mwenye leseni atafute bikoni, yaani alama za mpaka. Mgogoro wa mpaka ukitokea, anza kwa msajili wa ardhi. Mahakama haisikizi kesi ya mpaka ambao msajili hajauamua.

Muulizeni pia mzee wa kijiji: minazi ni ya nani? Pwani yetu mtu aweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti, na wako waliowekewa minazi rehani tangu enzi za mababu. Hati miliki haitakwambia hilo. Utaambiwa siku ya kwanza unapopandisha mkwezi.

Sasa kuweka. Watu wengi wa mjini wanaposema wameliweka shamba, ukweli ni kwamba wameliacha. Sheria ya Kenya inampa aliyekaa kwenye ardhi yako waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yako, kwa miaka 12, nafasi ya kwenda mahakamani aandikishwe yeye kuwa mwenyewe. Kinachomzuia ni ruhusa. Kwa hivyo anayelima pale, hata akiwa binamu, apewe barua: tarehe, ukubwa wa sehemu, mwisho wa muda, sahihi za pande mbili na shahidi wa kijijini, na iandikwe upya kila mwaka. Andikeni wazi kwamba atapanda mazao ya muda tu, mahindi, kunde, mihogo. Asipande mnazi, mwembe wala mkorosho, maana mti wa kudumu ndio mwanzo wa madai.

Kama udongo ni wa mchanga usiotuama maji, pandeni mivinje. Kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, ekari inachukua miche kama 640. Ipandwe masika ikishalowesha ardhi vizuri, ipaliliwe mwaka wote wa kwanza, na mbuzi wazuiwe. Ukitunza, miaka minne hadi sita unavuna nguzo za kujengea. Ujue kwamba mvinje ukikatwa hauchipui vizuri; unapanda upya. Mnazi mrefu wa kienyeji ni subira nyingine: mita tisa kwa tisa, minazi kama 50 kwa ekari, na nazi za kwanza baada ya miaka sita au zaidi.

Kujenga ndiko kunakomeza pesa za watu, na tatizo kubwa ni maji. Onjeni kisima cha jirani mwezi wa Machi, jua la kaskazi likiwa limekausha kila kitu, msionje Juni. Karibu na bahari, kisima kinachovutwa sana huvuta chumvi. Bara zaidi, Kinango na Mariakani, maji ya visima virefu mara nyingi huwa ya chumvi kutoka ardhini. Kwa maji ya mvua, piga hesabu kabla ya kununua tangi: paa la mita mraba 100 linakusanya lita 80 hivi kwa kila milimita ya mvua. Mvua ya milimita 50 inakupa lita 4,000. Lakini watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja, siku 90 za ukame zinahitaji lita 18,000, na lile tangi la 10,000 mnaloliona linatosha litakauka kabla masika hayajafika.

Mchanga wa ufuoni msiuguse, chumvi yake inakula nondo mpaka zege linapasuka. Udongo utiwe dawa ya mchwa kabla sakafu haijamwagwa. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Na kama hakuna atakayelala humo, msijenge. Nyumba tupu shambani hung'olewa milango na mabati.

Kuuza si aibu, mradi muuze kwa utaratibu. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba; yakichelewa, mauzo yaweza kuwa batili. Anayeuza akiwa na mke au mume, idhini ya mwenzake huenda ikahitajika. Hati halisi isitoke mkononi mwa wakili kabla ya malipo. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 2 nje ya mji, 4 ndani yake. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu 2023, ila shamba la kilimo lisilofika ekari 50 nje ya mji lina msamaha. Na dalali akizungumza habari ya ploti za futi 50 kwa 100, kumbuka ekari ni futi mraba 43,560. Ukitoa barabara za ndani, hazitoki nane.

Kwenu nyinyi, naona hivi. Mama akatiwe nusu ekari yake penye kisima, kama kipo. Sehemu za dada na za kaka mdogo ziwekwe chini ya mivinje mpaka kaka mdogo awe na maji ya uhakika na mtu wa kuishi huko. Kaka mkubwa akishikilia kuuza, auze fungu lake tu, na ndugu zake waulizwe kwanza. Haki hiyo sharia inaijua kwa jina la shufaa. Bei aiweke mthamini aliyesajiliwa, asiwe dalali aliyeletwa na mnunuzi.