Tununue jengo lililokuwa karakana ya kromu?

SWALI: Dada Mhandisi, pole na kazi. Kanisa letu hapa Houston limechanga na tumepata jengo la bei nafuu. Zamani lilikuwa karakana ya kupaka vyuma kromu. Tunataka ukumbi wa ibada mbele, chekechea nyuma. Muuzaji anatuambia tusiwe na wasiwasi, kiwanja kimo kwenye programu ya serikali ya usafishaji wa hiari. Anataka tusaini mwezi huu. Unatushaurije?
Mweka hazina, Houston

JIBU: Ndugu mweka hazina, msisaini kwanza. Kiwanja kuwamo kwenye programu maana yake ni kwamba kuna mtu aliyepeleka maombi TCEQ, mamlaka ya mazingira ya jimbo, akalipa dola 1,000 na kukubali kubeba gharama za maofisa watakaomsimamia. Huenda hakuna hata koleo moja la udongo lililotolewa. Mnachopaswa kudai ni cheti cha kukamilisha usafishaji. Hicho husajiliwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti, kwa hiyo muuzaji akianza kuzungukazunguka, nendeni kwa karani mkakitafute wenyewe.

Programu hii ilianza Texas mwaka 1995, nami naiunga mkono kwa moyo wote, maana viwanja vingi vingebaki magofu bila hiyo. Lakini tarehe zina uzito kuliko mnavyodhani. Sheria humhesabu mwenye ardhi kuwa mhusika, yaani mtu anayewajibika kwa usafishaji, hata kama uchafu aliukuta. Jimbo humwondolea mzigo mtu ambaye hakuwa mhusika alipopeleka maombi, au ambaye hakuwa mhusika siku cheti kilipotolewa. Muuzaji akiwa ndiye mwombaji, nanyi mkanunua kazi ikiwa katikati, siku ya cheti mtakuwa tayari mmeshaitwa wenye ardhi.

Linaloninyima raha zaidi ni chekechea. Nimeingia kwenye karakana kadhaa za namna hiyo. Pale yalipokaa matangi, asidi hula saruji, na kwenye nyufa hubaki ukoko wa manjano. Hiyo ni kromu yenye sumu; huyeyuka kwenye maji na kushuka hadi maji ya ardhini, na vumbi lake likivutwa kwa miaka huleta saratani ya mapafu. Mtoto anayetambaa hupeleka mkono mdomoni mchana kutwa. Kumwaga saruji mpya juu hakunitoshi mimi, mpaka sampuli za chini ya sakafu zipimwe.

Ndiyo maana someni cheti mpaka sehemu ya masharti. Kikiwa cha matumizi ya biashara na viwanda, chekechea haimo, kwani kanuni za Texas huiweka kundi moja na makazi. Mkibadilisha matumizi na hatari ikaongezeka, ile kinga ya jimbo haiwalindi tena.

Ajirini mtaalamu wenu, asiwe wa muuzaji, achunguze historia ya kiwanja kabla ya ununuzi; sheria ya shirikisho nayo hudai uchunguzi huo ufanyike kabla, ndipo mnunuzi apate kinga yake. Kisha mwanasheria aandike kwenye mkataba kwamba pesa hazitoki mpaka cheti cha kiwango cha makazi kitolewe. Muuzaji akikataa sharti hilo, tafuteni jengo lingine.