Muulize Fundi: Feni inayovuma chini ya kiti

SWALI: Krosova yangu ndogo ya haibridi (gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme inayotumia betri kubwa) ilikuwa ikila mafuta kidogo sana kwenye foleni. Siku hizi injini inawaka kila mara hata nikiwa nimesimama, na kuna kitu kinavuma chini ya kiti cha nyuma. Je, betri kubwa imekufa?

JIBU: Usikubali kuuziwa betri kabla hujakagua chujio la feni yake. Katika magari mengi ya aina hii betri kubwa hupoozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lenye wavu chini au pembeni mwa kiti cha nyuma. Vumbi na nyuzi za zulia vikiziba hapo, feni hukazana kuzunguka, ndiyo sauti unayoisikia. Betri ikizidi kupata joto, kompyuta hupunguza umeme unaoingia na kutoka, na mzigo huiangukia injini. Mafuta yako yanaishia hapo.

Zima gari. Bandua wavu polepole kwa vidole, maana vibanio vyake vya plastiki hukatika upesi. Chomoa chujio ulisafishe kwa mashine ya kunyonya vumbi upande mchafu. Ukiliosha, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Usipulize hewa ndani ya tundu, utalisukuma vumbi hadi kwenye betri. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kamwe. Kisha tazama kava la kiti: mara nyingi sana pindo lake ndilo lililofunika tundu.

Kelele ikibaki, huenda mapanga ya feni yameshika uchafu. Kuifungua ni kazi ya fundi aliyesomea haibridi.

SWALI: Gari limekaa wiki tatu, sasa haliwaki na dashibodi ni giza. Betri kubwa haikuwa tupu. Kulikoni?

JIBU: Iliyokwisha ni ile ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa na gari. Ichaji, na gari likikaa tena, liwashe hadi taa ya READY (gari liko tayari kwenda) itokee kwenye dashibodi, uliache hivyo kama saa moja kila wiki, mahali pa wazi kwa sababu injini inaweza kuwaka yenyewe. Kuwasha redio tu bila READY kunaimaliza zaidi.

SWALI: Kwenye taa nyekundu niweke gia ya N (huru)?

JIBU: Hapana. Ukiwa N betri kubwa haipokei chaji. Baki D (gia ya kwenda mbele), kanyaga breki.