Mgambo wa msituni, haramia au mnyang'anyi?

SWALI: Ninatafsiri masimulizi ya historia ya Australia kwa wanafunzi wa sekondari. Kila ninapofika kwenye neno "bushranger", yaani mtu wa Australia ya zamani aliyejificha porini na kuishi kwa kupora, programu ya kutafsiri ya kwenye simu inanipa "mgambo wa msituni". Mhariri wangu naye anang'ang'ania "haramia". Nimfuate nani? Nimeambatanisha kurasa chache za tafsiri yangu. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao. Mgambo, tangu enzi za mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, yuko upande wa wenye amri. Mwanafunzi wako atamwona askari wa jiji akibeba meza ya machinga, wakati anayesimuliwa ni mtu aliyekuwa akiwakimbia askari. Haramia ana nafuu, kwa kuwa kamusi zinamkubali hata wa nchi kavu. Tatizo ni kwamba baada ya habari zote zile za meli kutekwa pwani ya Somalia, ukisema haramia watu wanaona boti. Jambazi nalo lina harufu ya benki na pikipiki.

Ugumu wenyewe ni kwamba neno hilo la Australia limebeba watu wa aina mbili. Waingereza walianza kushusha wafungwa huko mwaka 1788 na hawakuacha hadi 1868. Wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa wafungwa waliotoroka kazi za sulubu, viboko na njaa. Mmoja wao ni John Caesar, mtu mweusi ambaye wengi hudhani alizaliwa Madagaska. Alikuwa na mwili mkubwa, posho ya chakula haimtoshi, akawa anatoroka na kuiba ili ale. Mwaka 1796 gavana alitangaza zawadi ya galoni 5 za pombe kali kwa atakayemleta, na mwezi Februari Caesar akapigwa risasi akafa. Kule kisiwa cha Tasmania, serikali yenyewe iliwapa wafungwa bunduki na mbwa wakawinde kangaruu kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Baadhi hawakurudi. Michael Howe, aliyeuawa 1818, alifika mahali pa kujiita Naibu Gavana wa Misitu.

Hawa waite "wafungwa watoro". Usiseme "mtoro" peke yake, maana darasani mtoro ni yule aliyekwepa kipindi cha hesabu. Ila ujue kwamba katika historia ya pwani yetu neno hili lina heshima yake: watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya Malindi na Mombasa walijenga makazi yao wenyewe, kama Fuladoyo. Mimi naona uzito huo unamfaa Caesar. Kwa Howe, aliyeongoza genge la kupora na kuua, ningeusogeza mbali kidogo.

Aina ya pili ilikuja na mbio za kutafuta dhahabu, kuanzia 1851. Wengi walikuwa vijana waliozaliwa hukohuko, wapanda farasi hodari, na hawakutoroka meli wala pingu za mtu. Ned Kelly ndiye maarufu kuliko wote. Aliyeletwa kwa meli kama mfungwa ni baba yake, kutoka Ireland, kwa kosa la kuiba nguruwe wawili. Ukimwita Ned mfungwa mtoro umepotosha historia. Hawa ni "wanyang'anyi wa porini". Nasema pori makusudi: msitu ni miti iliyoshonana, na anayeingia msituni kwa masikio ya Mkenya ni mpiganaji wa Mau Mau.

Kitenzi chao ni kuteka, kama tunavyosema basi limetekwa. Juni 1862 genge la Frank Gardiner liliuteka msafara wa dhahabu karibu na Eugowra. Usiandike "waliusimamisha", hata trafiki husimamisha.

Naona pia kwamba umemwita Kelly "mhalifu" pale maandishi yanaposema alitangazwa kuwa nje ya sheria. Hapo umepunguza uzito. Mhalifu ana haki ya kushtakiwa na kusikilizwa. Baada ya polisi watatu kuuawa Stringybark Creek mwaka 1878, koloni la Victoria lilitunga sheria iliyomruhusu raia yeyote kumpiga risasi Kelly au mwenzake bila hata kumwita ajisalimishe. Kiswahili kina namna yake ya kulisema hilo: damu yao ilihalalishwa. Mara ya kwanza fafanua kwamba waliondolewa kinga ya sheria, kisha endelea na damu.

Ukitaka kulibakiza neno lenyewe, lipe ngeli ya watu: bushranger alikamatwa, mabushranger walikamatwa. Ile "s" ya wingi wa Kiingereza iache hukohuko.