Kocha apimwe kwa ada za usajili au kwa mishahara?

SWALI: Ndugu wahariri, Jürgen Klopp husifiwa kwamba aliijenga Liverpool bila kumwaga fedha, ilhali alinunuliwa beki na kipa kwa bei za kutisha. Hesabu ya haki kwa kocha ni ipi: manunuzi yote, au manunuzi ukitoa mauzo?

JIBU: Toa mauzo, ila kwanza angalia unaanzia tarehe gani. Januari 2018 Liverpool ilimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona kwa dau lililoweza kufika pauni milioni 142 pamoja na nyongeza. Mwezi huohuo ikamchukua beki Virgil van Dijk kwa milioni 75, na Julai akaja kipa Alisson kwa takriban 65. Anayeanza kuhesabu Julai anamwona kipa, hamwoni Coutinho aliyesaidia kumlipia. Ubishi mwingi wa mashabiki umejificha hapo. Anzia dirisha la usajili la kwanza la kocha mwenyewe, ishia la mwisho, usiruke hata moja.

Hata hivyo, ada ya uhamisho ni kipimo dhaifu. Kylian Mbappé alitua Real Madrid 2024 akiwa mchezaji huru, yaani mkataba wake wa awali umekwisha: ada sifuri, lakini mshahara je? Kinachoendana zaidi na msimamo wa ligi ni mishahara. Chukua hesabu za mwaka za klabu, zipange timu kwa ukubwa wa mishahara, kisha linganisha na nafasi zilizomaliza kwa misimu mitatu mfululizo. Timu ya tano kwa mishahara ikimaliza ya tatu, ya nne, ya tatu, kocha wake anafanya kazi kubwa, hata kama amenunua sana. Msimu mmoja hudanganya: Claudio Ranieri aliipa Leicester ubingwa 2016 kwa pointi 81, na Februari 2017 akafukuzwa.

Katika hesabu hizo za mwaka za klabu, mchezaji wa milioni 60 mwenye mkataba wa miaka mitano huandikwa milioni 12 kwa mwaka, kwa sababu ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Kocha mpya hurithi mzigo wa wachezaji asiowachagua, usimhesabie.

Na pale mkurugenzi wa michezo anaposajili, kumbebesha kocha kila usajili uliofeli ni kumwonea. Hapo tazama kama mchezaji aliyeletewa amepanda kiwango mikononi mwake, na kiwango usikisome kwenye bei pekee: mkataba ukibaki mwaka mmoja, bei hushuka hata kwa anayeng'ara.