Svevo: ukianza na kitabu chake cha kwanza umekwisha

Mkuu, rudisha hicho kitabu kabla muuzaji hajakusahau sura. Umeandika kwamba unataka kumjua Italo Svevo, yule mwandishi wa riwaya wa Kiitaliano, umeambiwa umsome kwa mpangilio wa miaka, umenunua Una vita ya 1892, na unauliza kama Kiitaliano cha miezi sita kitatosha. Hapo kwenye mpangilio wa miaka ndipo tulipozikwa wengi.

Una vita si kitabu kibaya. Ni habari za Alfonso Nitti, karani wa benki anayejichimba moyo ukurasa baada ya ukurasa, na msimulizi wake hacheki. Svevo unayemsikia akisifiwa ni yule mchekeshaji, na humo hajazaliwa bado. Kilipotoka hakuna aliyekijali. Senilità ya 1898 nayo ikapita kimya, na riwaya iliyofuata ikachukua miaka 25. Sasa wewe unabisha hodi kwenye mlango ambao hata majirani zake wa Trieste, mji aliokuwa akiishi, waliupita! Halafu kuna hawa washauri wa "mwanzie mwanzo umwone anavyokua". Mwandishi si mahindi. Wenyewe ukiwauliza waliishia ukurasa wa ngapi, wanakumbuka wana kikao.

Anza na La coscienza di Zeno, 1923. Na dibaji usiiruke, narudia, usiiruke. Haifiki kurasa mbili, na kwa kuwa imeitwa dibaji watu hudhani ni porojo za mchapishaji. Anayeongea pale ni Daktari S., tayari ni mhusika. Anasema mgonjwa wake, yaani Zeno, kaacha tiba ya nafsi, kwa hiyo anachapisha kumbukumbu za mgonjwa huyo ili kulipa kisasi, na anaonya kwamba ndani yake kweli na uongo vimechanganyika. Ukiiruka utamwamini Zeno kama shahidi mahakamani, na utani wote utakupita juu ya kichwa.

Kosa jingine ni kutafuta mtiririko wa miaka. Sura zimepangwa kwa mada: uvutaji sigara, kifo cha baba, ndoa, mke na nyumba ndogo, biashara, kisha tiba. Tukio la sura hii linaweza kuwa limetangulia la sura iliyopita, usirudi nyuma kuhesabu. Sura ya sigara imalize kwa kikao kimoja: kila sigara ni ya mwisho, na kila ya mwisho ina tarehe yake. Wengi huchokea sura ya ndoa kwa urefu wake. Vumilia mpaka jioni anayoposa dada watatu wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu anakubali, na ndiye ambaye hakumtaka.

Ukipenda, ndipo uende Senilità, ambayo James Joyce, mwandishi wa Ireland aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza wa Svevo pale Trieste, aliisifu wakati wakosoaji wamelala. Una vita iwe ya mwisho.

Na mfuko wako uulinde. Kwa Kiingereza, Confessions of Zeno ya 1930 na Zeno's Conscience ya William Weaver ni kitabu kilekile, wafasiri tofauti. Chukua ya Weaver. As a Man Grows Older na Emilio's Carnival zote ni Senilità. Ukiviona vinne mezani, ni riwaya mbili hizo, hata muuzaji aape vipi.